Manowari, Vitunguu na Ngamia wa Mzee Lemayian

Tangu nirudi, kila anayeingia dukani kwangu Kitengela kununua dawa ya kupe anaegemea kaunta na kuuliza, "Daktari, ni kweli mlipigwa bomu?" Nimejibu mpaka mke wangu amechoka kunisikia. Amesema niandike yote mara moja, nibandike ukutani, kisha niuze dawa kwa amani. Basi ndiyo hii. Kwanza, hatukupigwa sisi. Pili, mimi si daktari. Niliwahi kumbebea daktari wa mifugo mfuko kwa miaka sita, lakini huku kwetu ukishavaa koti jeupe hakuna anayeuliza zaidi.

Mdomo uliponza kichwa

Mzee Lemayian ni mteja wangu wa zamani. Boma lake liko upande wa Kajiado. Ukipita Isinya unaacha lami, unakwenda mpaka nyaya za stima zikuishie. Alikuwa na ng'ombe wengi kiasi ambacho Mmaasai hatakwambia, kwa sababu mifugo haihesabiwi kwa mdomo. Ukame ukaja ukawahesabu kwa niaba yake. Walibaki watatu, wote wakavu, na bomani kulikuwa na wajukuu waliokuwa wakinywa chai ya rangi asubuhi na jioni. Hilo lilimuuma Mzee kuliko ng'ombe wenyewe. Akasikia kwamba ngamia hukamuliwa hata kiangazi kikali, akaamua kutafuta jike mmoja mwenye mimba, wa kuanzia.

Siku alipokuja dukani kuniuliza kama nawajua ngamia, wateja walikuwa wengi na mimi napenda sifa. Nikasema nawajua sana. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimewaona mara mbili, zote mbili kwenye kalenda.

"Basi Daktari, tutaenda na wewe," Mzee akasema. "Wewe utaangalia tumbo, mimi nitaangalia ngozi."

Nilitaka kurudisha maneno yangu, lakini wateja wote walikuwa wananitazama kwa heshima. Nikakubali.

Kitengela hadi Mwingi, juu ya vitunguu

Ulikuwa ule mwaka baada ya uchaguzi, barabara zimejaa vizuizi na watu wanatazamana kwa jicho la pembeni. Tulipata lori la Njoro, dereva anayepakia vitunguu Kimana na kuvipeleka Garissa. Njoro ni Mkikuyu, Mzee ni Mmaasai, mimi ni Mkamba. Njoro alisema hiyo ni bahati, maana tukisimamishwa na vijana wa kabila lolote, angalau mmoja wetu atakuwa na la kusema.

Mzee alikaa mbele na rungu lake. Mimi nikatupwa nyuma, juu ya magunia. Kitunguu kikiwa jikoni kina adabu, lakini lori zima la vitunguu likipigwa na jua ni adui. Tulipofika Thika nilikuwa nimelia mpaka shati limelowa, na hapo ndipo askari wa kizuizini akatusimamisha.

"Huyo juu analia nini?" akamuuliza Njoro. "Mmefiwa?"

"Zi, hapana boss. Huyo ni daktari."

"Daktari wa nini?"

"Wa ng'ombe."

Nilidhani tumepona. Askari akanishusha na kunipeleka chini ya mti. Kumbe nyumbani kwao ana ng'ombe aliyekataa kula tangu Jumapili, na mke wake amempigia simu mara tatu. Nilimtibu huyo ng'ombe kwa mdomo kwa saa nzima, mimi Thika na yeye sijui Nyandarua, huku askari akipokea maelezo yangu na kuyapeleka kwa simu kwa mke aliyekuwa amesimama zizini. Magari kumi na zaidi yalipita bila kukaguliwa. Mwishowe nikaagiza maji ya chumvi na kumtembeza kidogo, tukaachiliwa.

Mwingi ni kwetu, kwa hiyo nikaona nioneshe ukarimu. Niliwapeleka kwa shangazi yangu, naye akachinja kuku bila kutuuliza. Mzee akalitazama bakuli kwa huzuni ya kweli.

"Ashe, asante mama," alisema. "Lakini mimi sikuli ndege."

"Sasa nyinyi mnakulanga nini?" shangazi akauliza. "Si nasikia ng'ombe zenu zimekufa?"

Nikataka kuingia chini ya meza. Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Ndio maana tuko njiani," akasema, kisha akala muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, sahani mbili na kumsifu shangazi kwa Kimaasai, sifa ndefu ambayo hakuna aliyeielewa, lakini shangazi aliipokea yote.

Garissa, na matibabu ya tambi

Ukivuka daraja la Tana, joto linakushika kola. Njoro akashusha vitunguu vyake, tukaagana, naye akasema atakuwa anarudi na lori tupu baada ya wiki. Sisi tukakaa hotelini kumngoja Bishar. Bishar ni Msomali, mfanyabiashara wa mifugo, na soko la Kitengela wanamjua maana amekuwa akija kununua mbuzi miaka mingi. Ndiye aliyemwahidi Mzee ngamia.

Hoteli ilituletea tambi, mlima wa tambi, na ndizi mbivu juu yake. Mzee aliinua uzi mmoja kwa vidole viwili, akaunyoosha, akaugeuza upande huu na ule.

"Daktari," akaniambia polepole, "hii umeitoa kwa mbuzi gani?"

Watu wa meza ya pili walikuwa wanaelewa Kiswahili vizuri kabisa. Mmoja alisukuma sahani yake. Bishar alitukuta katika hali hiyo, akacheka, akaagiza nyama na chai ya maziwa ya ngamia. Mzee akaonja chai, akafumba macho, akaonja tena.

"Hii itanyamazisha watoto," akasema.

Kuanzia hapo hakuongea juu ya kitu kingine. Njia nzima, ndani ya pikapu ya Bishar, alikuwa anagawa maziwa ambayo hajayapata: kikombe cha huyu, kikombe cha yule, na cha mke wake, Mama Naserian, ambaye huwa anasema ameshiba wakati hajala.

Mpakani, ngamia mwenye alama

Mji wa mpakani sitautaja, maana watu wake wana shida za kutosha. Una nyumba za mabati, kisima, kituo cha polisi, na vumbi linaloingia mpaka kwenye soksi. Upande wa pili ni nchi nyingine, iliyokuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu Dahir hajaota ndevu. Dahir ni mdogo wake Bishar, mwembamba, baba wa watoto wanne, mtu wa kucheka hata pasipo na sababu. Yeye ndiye mchungaji wa ukoo. Kwake mpaka ni jambo la watu wa ofisini. Malisho yako pande zote mbili, na mjomba wao anakaa ng'ambo, mwendo wa saa chache kwa miguu.

Jike alikuwa tayari, amefungwa nyuma ya nyumba. Nikavaa koti langu jeupe na kumkaribia kwa hatua za mtaalamu. Akanikunjia uso, akacheua, akanimwagia kila alichokula tangu juzi. Bishar alinipa kanga ya mkewe nijifute na kunieleza kwa upole kwamba tumbo haliguswi: ngamia mwenye mimba ukimkaribia hupinda mkia juu, nao mkia wa huyu ulikuwa juu tangu tulipotokea. Nikamwambia Mzee, "Mimba iko." Huo ndio utaalamu wote nilioutoa katika safari nzima.

Ikawa zamu ya ngozi. Mzee alimzunguka yule ngamia mara tatu. Shingoni kulikuwa na alama ya ukoo, na ubavuni makovu manne ya chuma cha moto, maana huko ngamia akiugua huchomwa ili apone.

"Huyu hapana," Mzee akasema.

Bishar alidhani hakusikia vizuri. "Mzee, hii alama ni yetu. Ngamia bila alama ni ngamia ya mwizi."

"Naelewa. Lakini mnyama wa kufungua boma hawezi kuwa na kovu. Hata sikio isikuwe imekatwa. Akiingia na kovu, wote watakaomfuata watatafuta kovu. Nimezika ng'ombe za kutosha."

"Mzee," nikamnong'oneza, "mimba iko, maziwa yatakuja, tupande gari twende nyumbani."

"Wewe ulikuja kuangalia tumbo," akanijibu.

Walibishana mpaka chai ikapoa, kila mmoja kwa adabu kubwa, na hakuna aliyesogea hata kidole. Ni Dahir aliyemaliza maneno. Alisema kwa mjomba kuna majike wawili wadogo, wameshapandwa, hawajachomwa wala kutiwa alama. "Naenda jioni hii," akasema. "Kesho kutwa niko hapa na mmoja."

Mzee alifurahi sana. Alimwita, akatema mate kidogo kwenye kiganja na kumpaka kifuani, kama babu anavyombariki mtoto anayesafiri. Dahir akaruka nyuma, Bishar akakunja uso, na mimi nikalazimika kusimama katikati yao nikieleza kwamba kwa Wamaasai hiyo ni baraka, tena ya bei ghali. Dahir alijifuta akicheka. "Sisi tungesoma dua tu," alisema, akachukua fimbo na kidumu cha maji, akaondoka. Nilimtazama mpaka akawa kama mti mwingine tu kule mbele.

Mpakani, alfajiri

Kuhusu alfajiri ya kesho yake nitasema ukweli: nilikuwa chooni. Maziwa ya ngamia yakiingia katika tumbo lisiloyajua yanafanya msako wa nyumba kwa nyumba. Nilikuwa nimechuchumaa pale, kumeanza kupambazuka, nikasikia mvumo kama wa ndege ndogo inayopita chini chini. Kisha mshindo. Kisha mwingine. Mabati ya choo yakatetemeka na mlango ukafunguka wenyewe.

Nilitoka nimeshika suruali kwa mikono miwili. Mzee Lemayian alikuwa amesimama uwanjani bila shuka begani, mikono ameinua, uso kwa mbingu, anaomba kwa sauti. Kimaasai changu ni cha kuuzia dawa, lakini hayo niliyaelewa. Alikuwa anamshukuru Enkai Narok, Mungu mweusi, yule wa mvua na radi.

"Imenyesha ng'ambo," akaniambia, na macho yake yalikuwa na machozi ya furaha. "Daktari, weka madumu nje. Inakuja huku."

Nikaweka madumu nje. Nilitafuta hata sufuria. Wakati huo Bishar akatoka, akatazama upande ambao Mzee alikuwa anauombea. Kulikuwa na moshi, mweusi, umesimama wima, na anga yote hakuna wingu. Bishar aliketi mchangani palepale, kofia mkononi. Mzee akamtazama, akautazama moshi, na mikono yake ikashuka.

Siku za kungoja

Askari wa kituoni alikuja mapema kututuliza. "Ilikuwa radi," akasema. "Rudini ndani." Bishar akamwonesha anga. Askari akaitazama, akafikiri, akasema hiyo ndiyo taarifa aliyopewa na yeye si mtu wa hali ya hewa.

Mchana redio ikasema. Lilikuwa kombora, na halikuwa moja. Manowari ya taifa kubwa, iliyokuwa imetia nanga mbali baharini, iliyarusha kumtafuta mtu mmoja aliyesemekana analala katika mji wa ng'ambo, ule anaokaa mjomba. Kama alikuwa amelala hapo, redio haikujua. Kama aliamka, haikujua pia.

Mzee alinitaka nimweleze yote tena, pole pole, maana mimi ndiye msomi.

"Bahari iko wapi?"

Nikamwonesha kwa kidevu. "Huko. Siku nzima kwa gari, na zaidi, kama kungekuwa na barabara."

"Na mwenye meli alimwona huyo mtu?"

"Hapana, Mzee. Kombora linapewa ramani, linajiendea."

"Hiyo ramani iko na Dahir?"

Bishar alikuwa karibu, anahesabu tasbihi.

"Mimi nikiwa moran nilichoma simba kwa mkuki," Mzee akaendelea. "Nilikuwa karibu mpaka nikasikia pumzi yake inanuka. Huyu hata kikohozi cha mtu hajasikia. Alirusha, akaenda kunywa chai." Akaligeuza rungu mkononi. "Lakini si yeye alimtuma Dahir kule. Mimi ndio nilimtuma. Juu ya kovu."

Nilitaka kumwambia si kosa lake, na sikuweza, kwa sababu hata mimi nilikuwa nafikiria hivyo. Nilimkasirikia Mzee kwa ukaidi wake, nikajikasirikia mimi kwa kunong'ona mahali ambapo ningepiga kelele. Pia niliogopa, sitaficha. Kila nzi aliyepita na sauti nene nilimwangalia mpaka atue.

Mpaka ulifungwa kwa wanaokwenda, lakini wanaotoka hakuna aliyewazuia. Walikuja kwa mikokoteni ya punda na kwa toroli za ujenzi. Mtu mmoja akawaambia kuna daktari kutoka Nairobi, na kabla sijapata mahali pa kujificha, mwanamke mmoja alikuwa ameketi mbele yangu na mguu wake wenye jeraha umefungwa kitenge.

"Mimi ni wa ng'ombe," nikamwambia Bishar. "Mwambie mimi ni wa ng'ombe tu."

Bishar akamwambia. Mwanamke akajibu kitu kifupi.

"Anasema, kwani ng'ombe hawaoshwi?"

Nilikuwa na iodini, bandeji na pamba za kutibu kwato. Niliosha mguu ule na mingine mingi mpaka dawa ikaisha, kisha nikaosha kwa maji ya chumvi. Waliohitaji zaidi ya kuoshwa walipelekwa Garissa na pikapu. Miongoni mwa waliofika walikuwemo watoto watatu wa mjomba, wamefuatana na jirani. Hawakujua Dahir alipo. Walijua tu kwamba nyumba haipo.

Bishar hakulia wala hakumlaumu Mzee. Alimletea chai kila asubuhi kama kawaida, kikombe cha mgeni kikitangulia. Sisi tulikuwa tunaomba angalau atutukane kidogo.

Dahir

Siku ya tatu baada ya mshindo, jua limeelekea magharibi, tukaona mtu anakuja na ngamia mmoja nyuma yake. Bishar alimtambua kwa mwendo kabla ya sura. Alikimbia, kiatu kimoja kikabaki njiani, na alipomfikia alimshika kichwa kwa mikono miwili, akamsukasuka kama anayejaribu nazi kama ina maji.

Dahir alikuwa amepakwa vumbi la kijivu mpaka kope, na viganja vyake amevifunga vitambaa. Waliongea kwa Kisomali muda mrefu. Bishar alitutafsiria kidogo tu: usiku ule Dahir alilala kichakani karibu na kisima, nje ya mji, kwa sababu wanyama wa mizigo walikuwa huko. Mjomba alilala nyumbani. Tangu alfajiri ile Dahir alikuwa anachimba makaburi na wengine, kwa majembe na kwa mikono, na alipomaliza la mwisho ndipo akakumbuka kuna mgeni anamngoja.

Akamgeukia Mzee. Hakuwa anacheka.

"Mzee, nisamehe. Nilisema kesho kutwa, na nimechelewa. Wale majike wawili walikuwa zizini nyumbani, wamekufa. Nimebaki na hii tu. Ni dume ya mizigo." Akameza mate. "Imehasiwa."

Mimi, mtaalamu wa tumbo, nikafungua mdomo. "Lakini, Mzee, hii haiwezi..." Mzee akanikanyaga mguu kwa akala yake ya tairi, kwa uzito wake wote.

Kisha akaanza kazi yake. Alimzunguka ngamia yule polepole, kwa makini yaleyale ya siku ya kwanza. Sikio moja lilikuwa limechanika zamani. Mgongoni kamba za mizigo zilikuwa zimechimba mifereji miwili isiyoota nywele. Shingoni alama ya ukoo, kubwa, hata mimi niliiona kutoka nilipokuwa nikipapasa kidole changu cha mguu. Mzee akainua mkia, akaangalia kilichokuwepo na kilichokosekana, akaushusha taratibu.

"Sijaona kovu," akasema.

"Mzee, angalia vizuri," Dahir akamwambia.

"Nimeangalia. Mimi ndio wa ngozi."

Bishar akajitokeza, akasema basi Mzee achukue na yule jike wa kwanza, bure, kwa heshima. Nilishukuru Mungu kimoyomoyo, maana hapo angalau kungekuwa na maziwa. Mzee akatazama upande wa ukuta, ambapo watoto watatu wa mjomba walikuwa wameketi kivulini bila kucheza.

"Yule akizaa," akasema, "wanywe hao."

Halafu akavishika viganja vya Dahir, vile vilivyofungwa vitambaa, akakaa navyo, na akalia wazi mbele ya watu. Nimemjua Mzee Lemayian miaka mingi na nilimwona akizika ng'ombe kumi kwa siku moja bila chozi. Mimi pia nililia, na safari hii hakukuwa na kitunguu karibu.

Garissa hadi Kitengela, abiria watatu

Njoro alitungoja Garissa kama alivyoahidi. Alimtazama abiria wetu mpya, akamzunguka, akakuna kichwa.

"Manze, na hii ndio mlienda kutafuta?"

"Ndiyo hii," Mzee akasema.

Tulimpigisha magoti ngamia nyuma ya lori, tukamfunga, na mimi nikawekwa kando yake kuwa daktari. Alinitapikia mara moja tu, karibu na Mwingi, nadhani kwa kuzoea. Pale Thika tulimkuta askari yuleyule.

"Daktari, ng'ombe alipona," akaniambia. Alimulika nyuma ya lori. Ngamia akamwangalia kwa dharau kubwa. Askari akaturuhusu kupita bila swali, na ndiyo mara pekee nimeona kizuizi cha barabarani kikishindwa.

Kitengela tulifika asubuhi ya siku ya soko. Mimi nilitaka tupite haraka, lakini Njoro alisimama kununua mandazi na watu wakajaa. Kila mmoja aliuliza swali moja, anatoa lita ngapi. "Inategemea," niliwaambia wote. Sasa mnajua ilitegemea nini, na mliocheka nyuma yangu siku ile mmesamehewa.

Kajiado, nyumbani kwa Mzee

Lori halikuweza kufika bomani, kwa hiyo kilomita za mwisho tulitembea, Mzee mbele na kamba mkononi. Wajukuu walituona kutoka mbali. Walikuja mbio, na wawili walikuwa wamebeba vikombe kabisa.

"Takwenya," Mzee akamsalimu mkewe.

"Iko," Mama Naserian akajibu, lakini macho yake yalikuwa kwa mnyama. Huyu ni mama aliyekamua ng'ombe tangu utotoni. Hakuhitaji daktari. Aliinama, akatazama chini ya tumbo, akainuka akiwa ameziba mdomo kwa shanga zake. Wanawake wengine wakainama, wakainuka, na kicheko kikapasuka boma zima.

"Baba Naserian," akasema alipopata pumzi, "hii tutakamulia wapi?"

Mzee akaketi juu ya kigoda akatoa habari. Wamaasai hawaruki habari. Inaanzia pale ulipoinuka na inafuata njia mpaka pale ulipoketi, na wasikilizaji wanaitika kila hatua. Waliitika vitunguu, wakaitika kuku wa shangazi, wakaniangalia kwa huruma walipofika chooni. Walicheka sana. Alipofika pale alipoinua mikono na kumshukuru Mungu kwa ile radi, sauti yake ikakatika, na hakuna aliyeitika. Niliangalia viatu vyangu. Akakohoa, akaendelea mpaka viganja vya Dahir na watoto wa ukutani, akamaliza.

Mama Naserian akaingia ndani, akatoka na nyasi mbichi kidogo na pakiti moja ya maziwa ya dukani, ile ndogo. Alirarua pembe yake kwa meno. Akalowesha nyasi, akamnyunyizia ngamia kwenye paji la uso, akamnyunyizia Mzee, akaninyunyizia na mimi, akisema maneno ya kukaribisha mnyama wa kwanza wa boma. Kilichobaki ndani ya pakiti akawagawia wajukuu, kila mmoja funda moja.